Kompyuta moja, mifumo miwili: Mzazi ajue nini kabla ya kumwachia fundi

Minada ya korosho inapoanza Oktoba na malipo ya wakulima walio chini ya Chama Kikuu cha RUNALI yakianza kuingia, orodha ya matumizi katika nyumba za Lionja na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa huwa ndefu kuliko fedha yenyewe. Ada, bati, sare, deni la dukani, mbegu za msimu ujao. Kwenye nyumba yenye kijana aliyepata chuo au aliyeingia kidato cha tano, orodha hiyo siku hizi ina kitu kingine: kompyuta mpakato, mara nyingi ya mtumba, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa imeshatumiwa na ofisi fulani kwa miaka kadhaa.

Nyingi ya kompyuta hizo zinaendeshwa na Windows 10. Na tangu Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft imeacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida ya usalama kwa mfumo huo, miaka kumi baada ya kuuzindua Julai 2015.

Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Inawaka kama jana, inaandika barua, inacheza muziki. Kilichobadilika ni kama mtoto aliyekatishwa ratiba ya chanjo: leo anacheza na wenzake, haonekani kuwa na tofauti, lakini ugonjwa mpya ukiingia kijijini yeye hana kinga. Tundu jipya la usalama likigunduliwa ndani ya Windows 10, hakuna kiraka kitakachotumwa kuliziba, isipokuwa kwa waliojisajili kwenye mpango wa nyongeza ambao kwa watumiaji wa majumbani unafikia ukomo Oktoba 13, 2026.

Jibu la Microsoft ni kuhamia Windows 11. Lakini Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inachagua mashine. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, RAM isiyopungua GB 4, na kwa kompyuta zenye prosesa za Intel, kwa sehemu kubwa inakubali zile za kizazi cha nane kwenda mbele. Kompyuta ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nne, cha tano au cha sita haimo. Mzazi aliyeuza korosho ili anunue kompyuta hiyo hawezi kuambiwa anunue nyingine.

Ndipo linapokuja wazo ambalo vijana wa vyuo wamelijua kwa muda mrefu na wazazi wengi hawajalisikia: kuweka mifumo endeshi miwili kwenye kompyuta moja. Windows inabaki ilipo, na pembeni yake unawekwa mfumo mwingine wa bure unaoendelea kupata masasisho, kama Ubuntu au Linux Mint. Kila kompyuta inapowashwa, inauliza: leo unaingia upande gani?

Wazo ni zuri. Likifanywa vibaya, linaweza kufuta picha zote za familia kwa dakika chache. Kwa hiyo mzazi asiyejua lolote kuhusu kompyuta bado ana sababu ya kulielewa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mali.

Nyumba yenye milango miwili

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayotangulia kuamka kompyuta inapowashwa, na programu nyingine zote hukaa juu yake. Bila mfumo huo kompyuta ni sanduku la plastiki lenye kioo.

Diski ya kompyuta inaweza kugawanywa kama nyumba inavyogawanywa kwa ukuta. Wazazi wengi wameshaona mgawanyo huo bila kujua: ni ile diski C na diski D. Kwenye mifumo miwili, fundi anapunguza eneo la Windows, anaacha nafasi tupu, kisha anauweka mfumo wa pili kwenye nafasi hiyo. Mwisho anaweka mlinzi mlangoni, programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo ndiyo inayoonyesha orodha ya kuchagua kila kompyuta inapowaka.

Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Ukiwa ndani ya mmoja, mwingine umelala. Ndiyo maana hata kompyuta yenye nguvu ndogo inaweza kuibeba yote miwili: RAM haigawanywi, kinachogawanywa ni nafasi ya diski tu. Watengenezaji wa Linux Mint wanataja nafasi ya GB 20 kuwa ya chini kabisa na GB 100 kuwa ya kukaa kwa raha, pamoja na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora. Diski ya GB 500 iliyo kwenye kompyuta nyingi za zamani inatosha na kubaki.

Kwa nini basi Windows isiondolewe kabisa? Kwa familia nyingi bado ina kazi. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuelekezwa kutumia programu ya takwimu ambayo nakala aliyonayo ni ya Windows. Printa ya zamani inaweza kuwa na programu yake ya Windows tu. Ripoti iliyoandikwa kwa Word na kujaa majedwali inaweza kusogea kidogo ikifunguliwa kwa LibreOffice, ile programu ya bure ya maandishi inayokuja na Ubuntu na Mint. Ukiwa na mifumo yote miwili, kazi hizo chache zinafanyika Windows, tena ikibidi bila intaneti, na mambo ya mtandaoni yanahamia upande wenye kinga.

Mambo ya mtandaoni si madogo. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, udahili wa chuo, barua pepe yenye vyeti vilivyoskaniwa, namba ya NIDA ya mzazi: vyote hivyo hupita kwenye kompyuta hiyo hiyo ambayo jana ilichomekwa flashi kutoka steshenari.

Flashi ya steshenari na Windows ya kuchonga

Kila aliyewahi kupeleka kazi kuchapishwa anaijua flashi iliyorudi na mafolda yaliyogeuka kuwa njia za mkato, ukibofya hayafunguki. Virusi vya aina hiyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Flashi hiyo hiyo ikichomekwa upande wa Linux, mafaili ya virusi yanaonekana yamekaa tu kama makopo matupu, kwa sababu mfumo hauwezi kuyaendesha, na mara nyingi mafaili halisi yaliyofichwa yanaweza kunakiliwa kutoka hapo. Si kwamba Linux haina virusi kabisa. Ina wachache wanaoilenga kwenye kompyuta za majumbani, na masasisho yake bado yanakuja. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, na Linux Mint 22, iliyofuata Julai mwaka huo, zote zinahudumiwa hadi 2029.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi hawapendi kulisema kwa sauti. Windows nyingi zinazowekwa mitaani hazina leseni. Zimefunguliwa kwa programu ndogo iliyopakuliwa kwenye tovuti isiyojulikana, na ili ifanye kazi, kinga ya virusi lazima izimwe kwanza. Mtu anayekuomba uzime kinga ya mlango ili akusaidie kuufungua anastahili kutiliwa shaka. Wapo wanaopata wanachotafuta na yakaishia hapo, na wapo wanaoingiza mwizi wa maneno ya siri nyumbani bila kujua.

Linux haina suala hilo kwa sababu ni ya bure kihalali. Ilianzishwa 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa na miaka 21, na tangu hapo imeendelezwa na watu na kampuni duniani kote. Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilichukua jina lake kwenye lugha za Kinguni, neno ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa: ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, waanzilishi wake walikuwa wakituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba.

Tanzania nayo ina sehemu yake katika hadithi hiyo. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wataalamu walikaa na kutafuta maneno ya vitu ambavyo Kiswahili kilikuwa hakijavipa jina. Kazi hiyo haikupotea: LibreOffice, ambayo ni mrithi wa OpenOffice, bado ina Kiswahili cha Tanzania kati ya lugha zake. Bibi anayetaka kuandika barua ya kikundi cha vikoba bila kubabaishwa na Kiingereza anaweza kuwekewa menyu ya Kiswahili.

Kabla hujamwambia fundi “piga”

Mitaani kazi hii inaitwa kupiga Windows. Fundi anapokea kompyuta, anaondoka nayo, kesho yake inarudi ikiwa nyepesi na safi. Safi mno. Picha za harusi, ripoti ya mafunzo kwa vitendo, picha ya mwisho ya babu kabla hajafariki, vyote vimekwenda na maji. Fundi hakudanganya. Aliulizwa apige, akapiga.

Kwenye kazi ya mifumo miwili hatari hiyo iko palepale, kwa sababu katikati ya usakinishaji kuna ukurasa mmoja unaotoa machaguo mawili yaliyopangwa karibu karibu: kuweka mfumo mpya kando ya Windows, au kufuta diski nzima. Kwenye kioo chaguo la pili limeandikwa “Erase disk”. Anayebofya hilo na kuthibitisha amepoteza kila kitu, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu Linux hata kidogo. Ni kutoa nakala ya kila kitu chenye thamani na kukiweka nje ya kompyuta hiyo, kwenye diski ya nje au flashi, na vile vichache visivyo na mbadala viwekwe mahali pa pili pia. Kisha nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine au simu kuhakikisha inafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Mzazi anaweza kumwambia fundi kwa upole: “Fundi, kabla hujagusa chochote, nioneshe picha zangu zilipo kwenye hii flashi.” Anayekasirikia ombi hilo apelekewe radio.

Hatua ya pili inasahauliwa hata na mafundi wazuri. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni husimbwa na Windows zenyewe, kwa mfumo uitwao BitLocker au ule wa usimbaji wa kifaa, na mwenye kompyuta huenda hana habari. Mpangilio wa kuwaka ukibadilishwa, Windows inaweza kushtuka ikadhani imeibwa, na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha kompyuta mara ya kwanza. Kwenye kompyuta ya mtumba hilo ni balaa, kwa sababu akaunti hiyo inaweza kuwa ya mtu ambaye familia haijawahi kumwona. Ufunguo utafutwe na kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kazi kuanza, au usimbaji uzimwe na uachwe umalize kufungua diski yote. Usakinishaji wa Ubuntu wenyewe hukataa kuweka mfumo kando ya Windows iwapo BitLocker bado imewashwa, na ni vizuri kwamba unakataa.

Ya tatu ni kuzima kile Windows inachokiita kuwaka kwa haraka. Kipengele hicho kikiwashwa, Windows haizimi kikamilifu. Inasinzia jicho moja likiwa wazi, na diski yake inabaki kana kwamba bado iko kazini. Linux ikijaribu kuandika kwenye diski hiyo, mafaili yanaweza kuharibika.

Halafu umeme. Kupunguza eneo la Windows ni kusogeza ukuta ndani ya nyumba yenye watu. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo na betri ya kompyuta imeshakufa, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi za mtumba zinazoishi kwenye waya, diski inaweza kubaki nusu huku nusu kule. Asubuhi yenye mvua na radi si siku ya kazi hii. Betri iwe imejaa na chaja ichomekwe. Kama betri haishiki, kazi ifanyike kwa fundi mwenye chanzo cha akiba. Kupunguza kwenyewe kufanyike ndani ya Windows, kwa zana yake ya kusimamia diski, kwa kuwa ndiyo inayojua vyema vitu vyake vimekaa wapi.

Kuonja kabla ya kula

Faili la Linux Mint au la Ubuntu la kupakua lina ukubwa wa GB kadhaa, kwa hiyo bando lipangwe, au faili lichukuliwe kwa mtu ambaye tayari analo. Likishapatikana huandikwa kwenye flashi kwa programu ndogo kama Rufus. Flashi hiyo hufutwa yote, hivyo isiwe ile yenye nakala ya picha za familia. Kichekesho hicho kimewaliza watu.

Kompyuta ikizimwa na kuwashwa huku kitufe cha kuchagua pa kuanzia kikibonyezwa, kwa kawaida F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, mfumo mpya unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapa ndipo mzazi na kijana wanapopaswa kukaa na kuonja. Je, WiFi inakamata? Sauti inatoka? Kamera, kibodi, mwanga wa kioo? Baadhi ya vifaa vya WiFi, hasa vya kampuni ya Broadcom, huhitaji programu ya ziada, na ni afadhali kujua hilo mapema kuliko baada ya kazi kwisha. Wasiporidhika, wanazima, wanachomoa flashi, na kompyuta inarudi ilivyokuwa.

Wakiridhika, usakinishaji wenyewe ni mfupi kuliko maandalizi. Chaguo la kuweka kando ya Windows, lugha, saa za Dar es Salaam, jina, neno la siri. Basi.

Faili za kutumiwa pande zote mbili ziwekwe kwenye diski D ya Windows. Linux inasoma na kuandika kwenye diski za Windows bila shida, lakini Windows kwa kawaida haioni kilichomo kwenye diski ya Linux. Kijana akiandika insha usiku upande wa Linux na kuihifadhi huko, asubuhi yake ndani ya Windows atadhani imepotea.

Na saa. Mwenye mifumo miwili hapa nchini huenda akaona kioja hiki: akitoka Linux na kuingia Windows, saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Ni saa tatu asubuhi, kompyuta inaonyesha 6:00, yaani kumi na mbili. Hakuna ugonjwa hapo. Linux huiandika saa ya ndani ya mashine kwa muda wa dunia, Windows huisoma kana kwamba ni muda wa nyumbani, na Tanzania iko mbele ya muda huo wa dunia kwa saa tatu. Kompyuta ikipata intaneti hujirekebisha, ila isiyo na bando hubaki imekosea. Amri moja upande wa Linux inamaliza mzozo: timedatectl set-local-rtc 1. Fundi anaijua, kama haijui, hii hapa.

Neno la siri la Windows halizuii mlango wa pili

Hili ndilo lenye uzito zaidi kwa familia, na kwenye maelezo mengi ya kiufundi linapitwa.

Tuseme mama ni muuguzi wa zahanati na wakati mwingine humalizia ripoti ya mwezi nyumbani. Au baba ni karani wa AMCOS, na daftari la malipo ya wakulima liko kwenye kompyuta. Wameweka neno la siri kwenye Windows, wamelala usingizi. Lakini neno hilo linalinda mlango wa Windows peke yake. Anayeingia kwa mlango wa Linux anaweza kuiona diski ya Windows na kufungua mafaili yake bila kuulizwa neno lolote, kama diski haijasimbwa.

Mtoto wa miaka 14 hatakuwa na nia mbaya. Anaweza tu kufuta folda ili apate nafasi ya filamu. Na majina ya wagonjwa si mali ya nyumba: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaja taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti.

Njia ya kupunguza hatari hiyo ni mzazi kuwa msimamizi wa upande wa Linux na mtoto kufunguliwa akaunti ya kawaida. Kwa mpangilio wa kawaida wa Ubuntu, akaunti kama hiyo ikitaka kufungua diski ya Windows huombwa neno la siri la msimamizi. Hiyo inamtosha mtoto wa kawaida, haimtoshi kijana mtundu mwenye flashi yake. Nyaraka nyeti hasa zisimbwe, au bora zaidi zibaki kazini.

Macho hayajui ni mfumo gani

Wazazi wengine hupenda mifumo miwili kwa sababu nyingine: upande mmoja uwe wa masomo, mwingine wa mambo mengine. Kuna mantiki. Upande wa Linux unaweza kuwekewa GeoGebra kwa hisabati, Scratch kwa kujifunza kuandika programu, na Kiwix, inayowezesha Wikipedia ya Kiswahili kupakuliwa mara moja na kusomwa bila intaneti. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vilivyo kwenye maktaba yake ya mtandaoni vinafunguka kwa kivinjari chochote. Ipo pia programu ya bure iitwayo Timekpr-nExT ambayo humpangia mtoto dakika za kutumia kompyuta kwa siku, zikiisha inamtoa.

Lakini jicho la mtoto halibagui kioo cha masomo na kioo cha michezo. Mtu anapokazia macho kioo hupepesa kidogo kuliko kawaida, macho yanakauka, kichwa kinauma. Wataalamu wa macho hushauri kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Mwembe ulio uani unatosha. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na sehemu yake ya juu isizidi usawa wa macho, jambo gumu kwa mtoto anayefanyia kazi kitandani.

Kwa watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019: walio chini ya mwaka mmoja wasiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Kwa wakubwa, kipimo kizuri ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala, na kijana wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kompyuta inayolala chumbani kwa kijana inakula saa hizo, iwe imewashwa kwa Windows au kwa Ubuntu. Ilale sebuleni.

Ikigoma kuonyesha orodha

Siku moja baada ya sasisho kubwa, kompyuta inaweza kuruka orodha na kwenda moja kwa moja Windows. Watu hukimbilia kudhani Linux imefutika. Mara nyingi ni Windows iliyojiweka mbele kwenye foleni, na fundi huirudisha GRUB mbele kupitia mipangilio ya kuwaka. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilizifanya baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili zikatae kuwaka upande wa Linux, ingawa Microsoft ilikuwa imesema halitazigusa. Ufumbuzi ulikuwa kuzima kwa muda ukaguzi wa usalama wa kuwaka kisha kuirekebisha Linux. Mafaili ya ndani hayakuwa yameguswa.

Na familia ikiamua baadaye kwamba haiutaki mfumo wa pili, isianze kwa kuifuta sehemu ya Linux. Mlinzi wa mlangoni anaishi huko. Akiondolewa kabla mwenzake hajawekwa, kompyuta huamka na kioo cheusi chenye neno “grub” na hakuna mlango unaofunguka. Kwanza Windows irudishwe kuwa ya kwanza kuwaka, izimwe na kuwashwa mara mbili kuhakikisha inaingia yenyewe, ndipo eneo la Linux lifutwe na kurudishwa kwa diski C. Kompyuta za zamani zaidi zitahitaji flashi ya Windows ya kurekebishia, na flashi hiyo iandaliwe mapema, wakati kompyuta bado inawaka na fundi bado anapokea simu.